Bei ya Mwisho kwa Kijerumani

Tangazo liko kwenye simu: baiskeli ya kike, ringi za inchi 28, gia saba, picha nne, bei 120 € VB. Chini yake kuna nafasi ya kuandika ujumbe. Mwanafunzi wa Kijerumani aliyemaliza A2, ngazi ya pili ya lugha, sasa yuko Leipzig na anahitaji baiskeli ya kwendea kazini, anaandika maneno matatu:

"Was letzte Preis?"

Anatuma. Jioni inafika bila jibu. Kesho yake tangazo limeondolewa, baiskeli imekwenda kwa mwingine.

Hakutukanwa. Hakujibiwa tu.

Ukimya huo umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu maneno yale matatu tunayajua vizuri sana. Ni "bei ya mwisho ngapi?" yetu, imevikwa Kijerumani neno kwa neno. Na Ujerumani maneno hayo yamegeuzwa kichekesho. Yamechapwa kwenye fulana na vikombe, watu huyarudia kwa lafudhi ya kuigiza, na kila anayeyasikia anajua anayechekwa ni mgeni.

Swali la heshima kabisa pale Kariakoo limefikaje huko likawa mzaha?

## Sarufi ikinyooka, bado kimya

Wazo la kwanza la mwalimu yeyote ni kusahihisha. Preis ni neno la kiume, der Preis, kwa hiyo ni letzter, wala si letzte. Kitenzi kimekosekana. Sahihi ni "Was ist Ihr letzter Preis?" Hapo hakuna mtihani wa Goethe utakaokukata alama.

Tuma sentensi hiyo iliyonyooka kwa wauzaji kadhaa wa mitumba mtandaoni. Wengi watakaa kimya vilevile. Atakayejibu ataandika kwa ufupi: "Steht in der Anzeige." Imeandikwa kwenye tangazo.

Hapo ndipo mtu inabidi aachane na sarufi na kuangalia swali lenyewe linafanya kazi gani.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya dukani kwetu. "Hii ngapi?" "Arobaini." "Bei ya mwisho?" "Lete thelathini na tano." "Nina ishirini na tano." "Ongeza kidogo, dada yangu." Bei ya mwisho imeulizwa mwanzoni kabisa, imejibiwa, na baada ya jibu mazungumzo ndiyo kwanza yameanza. Wote wawili wanajua kwamba "mwisho" hapo ni jina tu la hatua ya pili. Ni kubisha hodi.

Kwa Mjerumani neno letzter lina uzito wake wote. Akikutajia letzter Preis amefunga mlango, na akishuka tena baada ya hapo anajiona amesema uongo. Kwa hiyo anapoulizwa swali hilo katika sentensi ya kwanza, na mtu asiyemjua, ambaye hajasalimu wala hajasema kama baiskeli anaitaka kweli, anaona anatakiwa afungue mkoba wake wote ilhali wa mwenzake umebanwa kwapani.

Anayecheka huona tu kitenzi kilichokosekana. Kilichokosekana hasa ni namba.

## VB ni mwaliko

VB ni kifupi cha Verhandlungsbasis, msingi wa maongezi. Ni ileile "bei maelewano" au "maongezi yapo" ya matangazo yetu. Wengine huandika VHB, maana ni moja. Penye Festpreis au FP, bei haiguswi. Ukijaribu utaonekana hujui kusoma.

Tofauti iko katika nani anapaswa kuanza. Kwetu mnunuzi anaweza kumzungusha mwenye duka mpaka ashuke mwenyewe mara mbili kabla mnunuzi hajataja lolote. Penye VB mnunuzi ndiye anayeleta namba. Ndiyo maana ukiuliza juu juu utajibiwa "Was haben Sie sich denn vorgestellt?", yaani ulikuwa na wazo la kiasi gani, au "Machen Sie mir ein Angebot", niletee bei yako. Huo ni mpira umerudishwa kwako, wala si hasira. Jibu kwa namba palepale.

Ujumbe unaojibiwa huwa hivi:

"Guten Tag, ist das Fahrrad noch da? Ich würde Ihnen 100 Euro geben und könnte es heute Abend oder morgen abholen. Ich zahle bar. Viele Grüße", kisha jina lako.

Mistari minne tu. Una salamu, una swali la kama kitu bado kipo, una namba moja, una siku ya kuchukua, una fedha taslimu, una jina. Muuzaji aliyepokea ujumbe kumi na tano asubuhi hiyo anatafuta mtu mmoja tu: atakayefika kweli, alipe, aondoke na mzigo. "Ich hole es heute noch ab", nakuja kuichukua leo hii, huweza kushusha bei kuliko maneno yote ya kubembeleza.

Kwa nini 100, na si 60? Kuanzia nusu bei ni jambo la kawaida katika masoko yetu mengi, na muuzaji huwa ameshaipandisha akijua hilo. Mjerumani aliyeandika 120 VB kwa kawaida anatarajia kuuza kati ya 100 na 115. Ukimletea 60 anaona umemdharau, na neno lake kwa hilo ni unverschämt, huna haya. Anza chini kwa asilimia 10 hadi 20. Kama tangazo limekaa wiki tatu na bei imeshashushwa mara moja, unaweza kwenda chini kidogo zaidi.

Namba moja, siyo mbili. Ukiandika "90 oder 100" umeshataja 100.

## Ningekupa na ich würde

Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia kwenye Konjunktiv II, hali ya kudhania ya kitenzi, akiwa na mtaji tayari. Tuna -nge-. "Ich würde" ni "ningefanya", "ich hätte" ni "ningekuwa na", "es wäre" ni "ingekuwa". Ukielewa hivyo, umbo halikupi tabu.

Matumizi ndiyo yanayopotosha. Kwetu -nge- dukani ni lugha ya kukosa: "Ningekuwa na hela ningechukua" maana yake sichukui. Kijerumani kimeichukua hali hiyohiyo ya kudhania kikaifanya adabu. "Ich würde Ihnen 100 geben" ni ahadi halisi, imelainishwa tu. Na kinyume chake, muuzaji akisema "Ich würde es für 110 abgeben", usisikie "ningeliuza kwa 110, lakini". Hakuna lakini. Hiyo ndiyo bei, chukua au jibu.

Sentensi za kuwa nazo mdomoni kabla ya kutoka nyumbani ni chache. "Ginge es auch für 100?", ingewezekana kwa 100, ni ya kutaja bei. "Ließe sich am Preis noch etwas machen?", bei ingeweza kusogea kidogo, ni ya pale ambapo kweli huna namba, kwa mfano kwenye duka la samani. Na iliyo nzuri kuliko zote kwa maoni yangu: "Könnten Sie mir ein bisschen entgegenkommen?" Entgegenkommen ni kumjia mtu kutoka upande wa pili, kumlaki njiani. Ukiisema unaomba akulaki, na neno hilo linamwachia heshima yake.

Angalia pia lile mir. Kwetu "punguza" na "nipunguzie" ni vitu viwili. Ile -i- ya kutendea inaingiza uhusiano kati ya watu wawili ndani ya kitenzi. Kijerumani kinafanya hivyo kwa dativu, umbo la neno linaloonyesha anayetendewa, kama mir, "kwangu". "Können Sie es mir für 100 lassen?" ni "unaweza kuniachia kwa 100?" Ondoa mir na sentensi inabaki sahihi lakini imekauka.

## Punguza kumi, fanya kumi

Kuna kosa moja linalogharimu fedha, nalo ni la kihusishi. "Können Sie um zehn runtergehen?" ni punguza kumi. "Können Sie auf zehn runtergehen?" ni fanya kumi. Kwa kitu cha euro 40, um inakufikisha 30, na auf imemtukana mwenye meza. Tofauti hii tunayo sisi wenyewe, ila tunaibeba katika vitenzi viwili, ndiyo maana sikio letu halikingi um na auf kwa wepesi.

Lingine ni billig. Ukitaka kusifu bei sema günstig. Billig hugusa ubora: kitu hafifu, cha ovyo. Muuzaji aliyekitunza kiti cha bibi yake kwa miaka thelathini hapendi kuambiwa ni billig.

Na "zu teuer", ghali mno, ukiitamka peke yake ni kofi. "Das ist mir etwas zu viel" inasema jambo hilohilo huku ikiuweka mzigo kwenye mfuko wako, siyo kwenye mali yake.

## Tatu na hamsini

Wengi hupoteza fedha kwa masikio kabla ya mdomo.

Sisi tunasema hamsini na tatu. Mjerumani anasema dreiundfünfzig, tatu na hamsini, na "und" yake ni "na" yetu. Waarabu wanahesabu kwa mpango huohuo wa mamoja kwanza, kwa hiyo Mswahili wa Muscat au Mzanzibari aliyekulia na Kiarabu hupata ahueni. Wengine wote tunasikia drei, akili inaandika 3, kisha fünfzig inaingia na mkono umeshaandika 35.

Dawa ni kutoandika chochote mpaka neno liishe. Ukiandika 3, acha nafasi kushoto kwake.

Jozi nyingine ni za -zehn na -zig: fünfzehn na fünfzig, sechzehn na sechzig, siebzehn na siebzig. Katika makelele ya soko zinafanana, na tofauti ni euro 15 dhidi ya 50. Usione haya kuuliza, ila usiulize kwa kurudia neno lilelile. Uliza kwa tarakimu: "Eins sechs oder sechs null?" Hata Wajerumani kwa Wajerumani hufanya hivyo kwenye simu, kama wanavyosema zwo badala ya zwei ili isichanganywe na drei.

Halafu kuna yale yanayomezwa. Pale Kariakoo "kumi na tano" ni elfu kumi na tano, hakuna anayetaja elfu. Kijerumani nacho kinameza. "Zwei fünfzig" kwenye meza ya nyanya ni euro mbili na senti hamsini. "Zwei-fünf" kwa muuza magari ni 2.500. "Anderthalb" ni moja na nusu, iwe kilo au elfu.

Katika maandishi, nukta na mkato vimebadilishana kazi. Elfu moja na mia mbili ni 1.200, na kumi na mbili na senti hamsini ni 12,50. Ukiandika 1,200 kwa mtindo wa nyumbani umetaja euro moja na ushei.

## Kaka na dada wako wapi?

Hili ndilo lililonisumbua kwa muda mrefu kuliko mengine.

Kwetu mazungumzo ya bei yanaanza kwa kuundiana undugu. Mama, kaka, dada, mjomba, shemeji, hata "mteja wangu" kwa mtu aliyeonwa leo. Jina hilo ndilo linalofanya kazi ya kulainisha. Sentensi zinazofuata zinaweza kuwa amri tupu, "punguza", "ongeza", "lete", na hakuna anayeumia. Kijerumani hakina mlango huo. Bruder, kaka, ipo katika lugha ya vijana wa mjini, lakini kwa mzee mwenye meza ya vyombo ni Sie, "wewe" ya heshima, na jina la ukoo likijulikana ni Herr au Frau, bwana au bibi. Kwa muuzaji kijana anayekuanza kwa du, "wewe" ya kirafiki, mrudishie du: "Würdest du ihn für 15 abgeben?", ungeniachia kwa 15?

Kwa muda mtu anaweza kuamini kwamba ulaini wenyewe haupo. Kwamba lugha ile ni baridi, basi.

Upo, ila umefichwa katika vijineno ambavyo vitabu vya A1 huvipita haraka: mal, noch, etwas, vielleicht, denn. Linganisha "Geht es für 20?" na "Ginge es vielleicht auch für 20?" Ya kwanza inauliza, ya pili inaongea na mtu. "Was kostet das?" ni swali la kwenye kioo cha duka, "Was soll das denn kosten?" ni la mtu aliyesimama mbele ya meza na ana nafasi ya kuzungumza. Denn hapo haina tafsiri, kama ambavyo "jamani" haina tafsiri.

Na undugu wenyewe upo, ila unakuja mwishoni, biashara ikishakubalika. Muuzaji anakutazama, anapumua, anasema: "Na gut, weil Sie's sind."

Haya basi, kwa vile ni wewe.

Ni sentensi yetu ileile, herufi kwa herufi. Sisi tunaanza nayo, wao wanamalizia nayo.

## Meza ya Jumapili

Jumapili maduka karibu yote ya Ujerumani hufungwa kisheria, na hapo masoko ya mitumba hupata siku yao. Mauerpark mjini Berlin ni ya Jumapili. Boxhagener Platz, Berlin hiyohiyo, pia Jumapili. Ukifika mapema unachagua vitu. Ukifika jioni unachagua bei, kwa sababu karibu na saa kumi mwenye meza anaanza kufikiria kubeba maboksi kurudi nayo nyumbani.

Hapa mara nyingi bei haijaandikwa, na punguzo ni pana kuliko la VB: theluthi moja ni kawaida, nusu inawezekana ukichukua vitu vitatu pamoja. "Und wenn ich alle drei nehme?", na nikichukua vyote vitatu, ni sentensi fupi na inafanya kazi kila mahali. Uwe na noti ndogo. Kubishana mpaka mkafika 12 na kisha kutoa noti ya 50 kunaharibu kila ulichokisema kuhusu kutokuwa na hela.

Ile mbinu yetu ya kuondoka taratibu ukingoja kuitwa "njoo, mteja!" usiitegemee. Ukiondoka anaamini umeondoka. Kama unataka kuacha mlango wazi, sema "Ich drehe noch eine Runde", nazunguka kwanza. Ukirudi baada ya robo saa atakukumbuka, na mara nyingi yeye ndiye atakayetaja namba mpya. Ukitaka kutoka kabisa: "Ich überleg's mir, danke", nitafikiria, asante.

Lakini ukishasema "Ich nehme es", nakichukua, umenunua. Kwa sheria ya Ujerumani mkataba wa mdomo ni mkataba. Kukubaliana bei kisha kwenda kulinganisha meza ya pili ni kuvunja neno.

Mjini Hamburg kuna Fischmarkt, Jumapili alfajiri mpaka saa 3:30 asubuhi, ambako wauzaji hupaza sauti kama pale Feri. Pale bei haishuki. Kikapu ndicho kinachojaa. Bei inabaki ileile na matunda yanazidi kurundikwa juu. Nyongeza, kwa ufupi. Kitenzi chake ni drauflegen au dazugeben.

## Ilivyokuwa marufuku

Kuna sababu ya kihistoria inayofanya Wajerumani wengi wa makamo waone aibu kuomba punguzo dukani. Kuanzia 1933 sheria iliyoitwa Rabattgesetz ilizuia duka kumpunguzia mnunuzi wa kawaida zaidi ya asilimia 3 kwa malipo ya taslimu. Sheria nyingine, Zugabeverordnung ya 1932, ilibana nyongeza. Zote mbili zilifutwa Julai 2001. Fikiria vizazi viwili vya watu ambao kwao "nipunguzie" dukani ilikuwa ni kumwomba muuzaji avunje sheria. Hawakunyimwa kipaji cha kupatana. Walifungwa mdomo kwa miaka karibu 70.

Siku hizi ruksa. Duka la samani, la jikoni, la baiskeli mwezi wa kumi wakati modeli ya mwaka unaokwisha inatakiwa itoke, televisheni ya maonyesho yenye mkwaruzo: kote huko uliza. Na bei ikikataa kushuka, omba kitu: "Könnten Sie noch ein Schloss dazugeben?" Kufuli ya baiskeli humtoka muuzaji kwa urahisi kuliko euro 20.

Pengine usijisumbue. Vitabu vipya vina bei moja nchi nzima kwa sheria. Sigara na dawa za cheti cha daktari vilevile. Teksi ina nauli iliyopangwa na mji. Mkate ni mkate.

Punguzo moja huja limeandikwa, na wageni wengi hulipita bila kuliona: Skonto. Ankara ikisema "2 % Skonto bei Zahlung innerhalb von 10 Tagen", yaani punguzo la asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, kata mwenyewe. Ya 800 lipa 784, huhitaji kumwomba mtu.

Ablöse ya jikoni ni ngumu kuliko yote. Nyumba nyingi za kupanga hazina makabati wala jiko, na mpangaji anayetoka hutaka umnunulie vyake. Unatamani ile nyumba, naye anajua. Usiguse bei kwanza, uliza umri na risiti: "Wie alt ist die Küche, und gibt es noch die Rechnung?" Sheria inasema bei ikizidi thamani halisi kupita kiasi, ile iliyozidi haina nguvu. Huna haja ya kuitaja sheria hiyo sebuleni kwa mtu. Risiti ya miaka tisa iliyopita itazungumza yenyewe.

## Hela

Mazungumzo ya shuleni hayafiki huku. Katika vitabu vya A1 mteja anasema "Ich hätte gern ein Kilo Tomaten", naomba kilo ya nyanya, anaambiwa bei, analipa, anaaga. Hakuna anayepatana. Na wanafunzi wanaongezeka, Nairobi na Dar es Salaam. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, wengi wanajifunza wakijua wanakwenda kuanza maisha na chumba kitupu. Meza, kitanda, baiskeli, mashine ya kufulia: vyote vitanunuliwa kwa mtu binafsi, kwa Kijerumani, katika wiki za kwanza. Hili ni somo la A2, na linafundishwa kwa ukimya kama ule wa Leipzig.

Swali linalobaki ni la haki. Je, kumwambia mwanafunzi "usiseme bei ya mwisho" si kuwapa nguvu wale wanaomcheka? Nimelipindua mara nyingi. Waturuki wanauliza hivyo, Waarabu wanauliza hivyo, sisi tunauliza hivyo. Swali lina adabu yake, linamwachia mwenye mali kauli. Anayelichapa kwenye fulana hajui anachocheka. Lakini anayehitaji baiskeli Jumatatu asubuhi hawezi kusubiri fulana hizo zichakae. Kwa hiyo nasema: swali letu ni zima, na pale halifunguki. Taja namba.

Na lugha hizi mbili zimeshawahi kushikana mikono sokoni. Hela tunayoisema kila siku ni Heller, sarafu ya koloni la Kijerumani, ambayo kuanzia 1904 mia moja yake ilifanya rupia moja, badala ya pesa 64 za awali. Mjerumani bado husema "auf Heller und Pfennig" akimaanisha amelipa mpaka senti ya mwisho.

## Halb drei

Turudi kwenye baiskeli, kwa sababu biashara haiishi kwenye bei.

Tuseme ujumbe wenye namba umejibiwa: "110, dann gehört es Ihnen. Morgen um halb drei?", yaani kwa 110 ni yako, kesho saa ya halb drei? Halb drei ni nusu saa kabla ya drei. Drei ya mchana ni saa tisa yetu, kwa hiyo ni saa nane na nusu. Anayefasiri "tisa na nusu" anachelewa saa nzima, na muuzaji ameshampa mwingine.

Ukifika, ikague kabla ya kutoa pochi. Finya breki zote mbili. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe. Vuta cheni pale mbele kabisa ya gia. Ikiinuka mbali na meno imekwisha. Washa taa, maana gizani baiskeli isiyo na taa nzima hairuhusiwi barabarani. Usifungue tena bei bila sababu mpya, hilo huudhi kuliko lolote. Ila ukikuta jambo ambalo tangazo halikulitaja, liseme: "Die Kette ist ziemlich abgenutzt, die muss ich ersetzen. Wären 105 in Ordnung?", cheni imechakaa, itabidi niibadilishe, 105 ingekuwa sawa? Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwa mtu wetu, ulimi unawasha kuongeza neno. Mwache yeye ndiye azungumze.

Akikubali 105 nawe ukatoa noti za 110, usiseme "Stimmt so". Maana yake ni "baki na chenji". Sema "Fünf zurück, bitte", tano zirudi tafadhali.

Na omba karatasi: tarehe, majina mawili, bei, sahihi mbili, na Rahmennummer, namba ya fremu. Mali ya wizi haigeuki kuwa yako Ujerumani hata kama uliilipia kwa nia njema. Mwenyewe akitokea unairudisha. Namba hiyo mara nyingi imegongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita. Muuzaji anaipindua baiskeli kwenye majani, anafuta tope kwa kidole gumba, anaanza kusoma kwa kasi, siebenundvierzig, dreiundachtzig.

"Einzeln, bitte", moja moja tafadhali.

Anaanza upya. Vier. Sieben. Acht. Drei.